Kukaza Bolti za Konrodi Bila Kupitiliza

Injini ya silinda moja huwa na bolti mbili tu za konrodi. Hizo ndizo zinazoshika kepu ya chini ili konrodi isiachane na krenki pistoni inapokwenda na kurudi. Zikilegea, konrodi hutoboa bloku, na hilo hakuna fundi asiyelijua. Lisilozungumzwa sana ni kwamba zikikazwa kupita kiasi huishia pale pale, ila huchukua muda. Injini huwaka vizuri, fundi hulipwa, kazi huendelea wiki kadhaa au hata miezi, kisha siku moja bolti hukatika katikati ya zamu. Kufikia hapo lawama huangukia oili, spea ya bei nafuu au kijana aliyekuwa akiangalia mashine, spana haitajwi.

Nyarugusu, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Geita, hukutanisha aina tatu za injini ambazo mafundi huzifungua na kuzifunga upya. Ya kwanza ni dizeli ya silinda moja iliyolala, inayopozwa kwa maji, kutoka China. S195 ina silinda ya milimita 95, mwendo wa pistoni wa milimita 115 na nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Ndugu yake mkubwa, ZS1115, ina silinda na mwendo wa milimita 115 kila kimoja na hutoa nguvu ya farasi 22 kwa mizunguko 2200. Hizi huzungusha makarasha ya kusaga mawe pale ambapo umeme haujafika au hukatika. Ya pili ni injini ndogo ya petroli ya mtindo wa Honda GX160, inayoendesha pampu za kutoa maji kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Ya tatu ni injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo kwenye Probox zinazobeba abiria kati ya machimbo na mji wa Geita. Konrodi za injini hizi tatu hazikazwi kwa namna moja, na fundi aliyezoea mojawapo huwa hatari kwa nyingine mbili.

Bolti hubeba nini

Dhana iliyoenea ni kwamba bolti za konrodi huhimili mlipuko wa mafuta. Mlipuko husukuma pistoni kuelekea kwenye krenki, na nguvu yake hupita kwenye mwili wa konrodi na nusu ya juu ya beringi. Bolti haziguswi sana. Zamu ya bolti huja mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi. Pistoni hufika upande wa silinda hedi bila mgandamizo wowote wa kuizuia, ikitaka kuendelea na safari yake, na krenki huanza kuivuta irudi. Hapo uzito wa pistoni, pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi huvuta kepu, na kepu imeshikwa na bolti mbili.

Nguvu hiyo si ndogo. Kwenye injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 115 inayozunguka mara 2000 kwa dakika, vitu hivyo vikiwa na uzito wa kilo 2, mvuto hufika takribani nyutoni 6,400, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 650. Hujirudia mara 1,000 kwa dakika, yaani mara 60,000 kwa saa. Tena huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gavana ikichezewa ili karasha lisage haraka, injini ikapanda kutoka 2000 hadi 2600, kilo 650 zinakuwa karibu 1,100. Wamiliki wengi wa makarasha hawaoni ubaya wa kuongeza mwendo kidogo siku ambayo mawe ni mengi. Bolti za konrodi ndizo zinazolipia.

Bolti huushinda mvuto huo kwa kutangulia kuvutwa. Inapokazwa hurefuka kidogo, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi kwenye urefu wake, huibana kepu kwenye konrodi kwa nguvu kubwa kuliko mvuto wowote utakaokuja. Ilimradi mbano uko juu ya mvuto, kepu na konrodi haziachani hata kidogo, na bolti yenyewe hupata mabadiliko madogo sana ya mzigo kila mzunguko. Chuma hakichoshwi na mzigo mkubwa uliotulia. Huchoshwa na mzigo unaopanda na kushuka mamilioni ya mara.

Kurefuka huko ni kudogo mno kwa jicho. Bolti ya M12 yenye urefu wa milimita 60 ikivutwa kwa tani nne na nusu huongezeka takribani sehemu 15 za mia za milimita moja. Ikifunguliwa, hurudi ilivyokuwa. Lakini kila chuma kina mpaka. Kikivutwa kupita mpaka huo, sehemu ya urefu ulioongezeka hubaki moja kwa moja, kama mpira wa manati uliovutwa hadi ukalegea: bado haujakatika, bado unaonekana mzima, lakini haurushi tena.

Bolti ikipitilizwa

Bolti iliyovuka mpaka wake haiachii mbano wote papo hapo, na ndiyo sababu fundi hagundui kitu. Spana inahisi ngumu, injini inazunguka, sauti ni nzuri. Kilichopotea ni akiba. Injini ikipandishwa mwendo, au karasha likikwama ghafla na kuachia, mvuto wa ziada huirefusha bolti tena kidogo, na safari hii hairudi. Mbano hupungua. Siku mbano utakaposhuka chini ya mvuto, kepu itaanza kufunguka na kufunga kwa kiasi kisichoonekana kila mpigo wa kutoa moshi, na mzigo ambao bolti haikuwa inausikia sasa utaipiga mara 1,000 kwa dakika. Ufa huanzia kwenye shina la jino la kwanza au chini ya kichwa, hukua polepole, na bolti hukatika. Nyingine huchukua mzigo wote na kufuata mara moja. Konrodi iliyobaki bila kepu hupigwa na krenki, hutoka ubavuni, na bloku huwa chuma chakavu.

Madhara ya pili huangukia beringi. Nusu mbili za beringi hutengenezwa zikiwa zimetokeza kidogo sana juu ya ukingo wa konrodi na kepu, ili zikibanwa zishike kwenye tundu zisizunguke. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenki ni sehemu chache tu za mia za milimita. Tundu hilo lilichongwa kiwandani kepu ikiwa imekazwa kwa kipimo maalumu. Likibanwa kupita kipimo, nyuso za kepu na konrodi hugandamana zaidi, tundu huacha kuwa duara kamili, na nafasi ya oili hupungua upande mmoja. Oili hukosa njia, beringi hupata moto na kukwaruzwa, na mwishowe hushika krenki. Hili huonekana mapema kuliko kukatika kwa bolti, na mara nyingi hudhaniwa kuwa krenki ilisagwa vibaya. Fundi wa kusaga krenki hurudishiwa kazi isiyo na kosa lake.

La tatu ni meno kuliwa. Kwenye konrodi ya chuma ambayo bolti hufungwa ndani ya mwili wake, meno ya konrodi yakiharibika ni konrodi nzima inayotupwa. Kwenye konrodi ya aluminiamu, kama ile ya pampu ndogo ya petroli, meno huliwa kwa nguvu ndogo zaidi.

Nguvu inavyozidi bila fundi kukusudia

Kipimo cha kukaza, ambacho mafundi hukiita toki, ni nguvu ya mkono ikizidishwa kwa urefu wa spana. Mkono unaovuta kwa nguvu ya kilo 40 mwishoni mwa spana ya sentimita 25 hutoa takribani nyutoni-mita 100. Mkono ule ule ukivuta kwenye bomba la sentimita 75 lililochomekwa juu ya spana hutoa 300, na mvutaji hahisi tofauti yoyote mkononi. Kwenye dizeli iliyolala, kepu hufikiwa kupitia mfuniko wa nyuma wa bloku, nafasi ni finyu, mkono hauna pa kupumzikia, na bomba huonekana kama msaada. Bomba ni zana halali ya kufungulia nati ya gurudumu. Kwenye konrodi halina kazi.

Oili nayo hudanganya. Katika nguvu yote inayotumika kukaza, takribani nusu hupotea kwenye msuguano chini ya kichwa cha bolti, sehemu kama nne za kumi hupotea kwenye meno, na ni sehemu moja ya kumi hivi inayovuta bolti kwa kweli. Msuguano ukipungua kidogo tu, mvuto huongezeka sana. Bolti ya M12 iliyokazwa kwa nyutoni-mita 80 ikiwa kavu huvutwa kwa karibu tani 3.4, kipimo hicho hicho meno yakiwa na oili huleta karibu tani 4.5, ongezeko la theluthi moja. Grisi nyeusi yenye molibdenamu hupunguza msuguano zaidi. Kwa hiyo kijitabu cha injini kikisema bolti ipakwe oili ya injini, ipakwe hiyo. Kikisema ikazwe kavu, ibaki kavu. Meno yenye kutu, vumbi la mawe au rangi hufanya kinyume chake: toki renchi, yaani spana inayopima toki, hulia mapema huku bolti ikiwa bado haijavutwa vya kutosha, na fundi anayeona kepu inacheza huongeza nguvu ovyo ovyo.

Vipimo vya nchi mbalimbali ni mtego mwingine. Vitabu vipya huandika nyutoni-mita, vitabu vya zamani vya Japani na China hutumia kilo-mita au kilo-sentimita, na vya Uingereza na Marekani hutumia futi-ratili. Kilo-mita 1 ni nyutoni-mita 9.8, na futi-ratili 1 ni nyutoni-mita 1.36. Toki renchi nyingi zina mistari miwili ya namba, mmoja kwa nyutoni-mita na mwingine kwa futi-ratili. Aliyetakiwa nyutoni-mita 60 akasoma 60 kwenye mstari wa futi-ratili amekaza kwa 81, na bolti yake tayari iko pabaya.

Kuna pia nati za zamani zenye taji, zinazofungwa kwa pini ya kupasua. Toki imefika, lakini tundu la bolti halijalingana na mfereji wa nati. Mkono wenye haraka huizungusha nati mbele hadi pini ipite. Nati ya M12 yenye meno mapana husogea karibu milimita 0.3 kwa kila pembe moja ya taji la pembe sita, mara mbili ya urefu ambao bolti iliruhusiwa kurefuka. Kijitabu kikitoa kipimo cha kuanzia hadi, nati huzungushwa ndani ya mipaka hiyo tu. Ikishindikana, nati ya upande mmoja hubadilishwa na ya upande wa pili, au huwekwa nyingine, mpaka tundu lilingane ndani ya kipimo. Kurudisha nyuma ili pini ipite ni kosa lile lile kwa upande mwingine.

La mwisho ni bolti ya dukani. Bolti ngumu huandikwa daraja lake kichwani: 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 ni nguvu ya kukata chuma hicho kwa megapaskali. Namba ya pili huonyesha ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo bolti huweza kubeba kabla ya kurefuka moja kwa moja. M12 ya daraja 10.9 huanza kufika mpaka wake karibu na tani 7. Ya 8.8 hufika kwenye tani 5. Kwa hiyo toki iliyo sahihi kabisa kwa bolti ya kiwanda ni kupitiliza kwa bolti ya vyuma vya ujenzi. Bolti ya konrodi pia huwa na shingo iliyosawazishwa kwa usahihi ili kuiweka kepu mahali pake, na ya dukani haina. Zamani fundi aliyetumia bolti ya dukani alikuwa na sababu: spea ya Mwanza ilisubiri foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Tangu daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 sababu hiyo imepungua uzito.

Kukagua kabla ya kufunga

Bolti zilizotoka kwenye injini huoshwa kwa dizeli au petroli, hukaushwa, na kulazwa kwenye kitambaa safi kando ya bolti moja mpya ya aina ile ile. Zikiwekwa meno kwa meno na kuinuliwa dhidi ya mwanga wa jua, nafasi kati ya meno zinapaswa kulingana tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanga ukipita sehemu fulani na sehemu nyingine usipite, bolti imerefuka. Kipimo cha pili ni nati mpya, au konrodi yenyewe kama bolti hufungwa ndani yake: inapaswa kuingia kwa vidole hadi mwisho wa meno. Ikikwama katikati bila uchafu, meno yamevutika. Shingo nayo hupimwa kwa vernia. Bolti iliyovutwa sana huwa nyembamba mahali fulani kwenye shina lake, na wembamba huo huweza kuhisiwa hata kwa ukucha.

Bolti yoyote yenye mkwaruzo mzito, kutu iliyochimba, alama ya patasi au dalili moja kati ya hizo hutupwa pamoja na mwenzake. Bei ya bolti mbili ni ndogo mno kulinganisha na krenki na bloku, na hapa ubahili hauna utetezi. Bolti isiyojulikana historia yake, kama ile inayotoka kwenye injini iliyonunuliwa mkononi, hutendewa kama iliyopitilizwa.

Kepu na konrodi huwa na alama zinazolingana, na kepu ya konrodi moja haifungwi kwenye nyingine. Ndimi ndogo za beringi zinapaswa kukaa kwenye mifereji yake, na nyuma ya beringi pasiwe na oili, mchanga wala uzi wa kitambaa. Nyarugusu, ambako karasha husaga mawe makavu na unga wake hupeperuka mchana kutwa, kazi hii hufanywa mbali na mialo, yaani maeneo ya kusagia na kuchenjua mawe, au chini ya turubai. Chembe moja ya jiwe nyuma ya beringi huinua beringi mahali pamoja, na fundi atakayeona krenki inakuwa nzito ataanza kutafuta tatizo kwenye bolti.

Kukaza kwa mpangilio

Kipimo cha kukaza hutoka kwenye kijitabu kilichokuja na injini husika. Jambo hili lina uzito zaidi kwa dizeli za China kuliko kwa injini nyingine, kwa sababu injini yenye jina lile lile hutengenezwa na viwanda vingi. Changchai ya mji wa Changzhou ni kimojawapo tu kati yao, na si salama kudhani kwamba namba ya kiwanda kimoja inafaa kwa bolti za kingine. Namba ya kijitabu huandikwa kwa rangi ndani ya mfuniko wa nyuma, mahali ambapo fundi anayefuata ataiona.

Bolti huanzishwa kwa vidole. Kisha hukazwa kwa zamu, kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa hatua tatu: theluthi ya kipimo, theluthi mbili, kisha kipimo kamili. Baada ya kila hatua gurudumu la injini huzungushwa kwa mkono. Krenki ikizunguka laini hatua mbili za kwanza ikawa nzito hatua ya tatu, kazi husimama hapo. Bolti hulegezwa, kepu hutolewa na beringi hukaguliwa. Uzito huo hausuluhishwi kwa kuwasha injini ili vitu vijizoeshe.

Mvuto wa mwisho ni mmoja, mtulivu, bila kushtua. Toki renchi inapolia, mkono huachia. Tabia ya kuiliza mara mbili au tatu kwa kujihakikishia huongeza nguvu kidogo kila mara, na ndiyo tabia ngumu kuliko zote kuiacha. Chombo chenyewe hutumiwa kwenye sehemu ya kati ya kipimo chake; kile cha nyutoni-mita 200 hakiaminiki kwenye 12. Baada ya kazi springi yake hulegezwa hadi namba ya chini kabisa, na hakitumiki kamwe kufungulia bolti zilizoshika.

Mkono ukipitiliza kwa bahati mbaya, kwa mfano spana ikateleza au namba ikasomwa vibaya, bolti haipunguzwi ikaachwa. Hutolewa, hupimwa urefu na shingo, na kama kuna shaka yoyote huwekwa mpya. Bolti za konrodi pia hazirudiwi kukazwa baada ya siku chache za kazi kama wanavyofanya wengine kwa silinda hedi. Kama kuna sababu ya kushuku mbano wake, hulegezwa kabisa na kuanza upya.

Pasipo na toki renchi

Toki renchi nzuri si kitu cha kila karakana ya machimboni. Mizani ya ndoano, ile ya springi inayoning'inizwa kupimia mizigo sokoni, huweza kuchukua nafasi yake kwa usahihi unaoridhisha kuliko mkono wa fundi yeyote. Spana ya ringi hufungwa kwenye bolti, ndoano huwekwa mwishoni mwa spana, na umbali kutoka katikati ya bolti hadi ndoano hupimwa kwa rula. Kipimo cha nyutoni-mita hugawanywa kwa umbali huo kwa mita, kisha kwa 9.8, na jibu ni kilo za kuvuta. Kwa nyutoni-mita 80 na umbali wa sentimita 40, mizani isome kilo 20 na kidogo. Mvuto lazima uwe wa pembe mraba na spana, na mizani ianze kwenye sifuri ikiwa imelazwa kwa namna ile ile itakayotumika. Mizani iliyozoea kuning'inia husoma tofauti ikilazwa. Mtu mmoja huvuta, mwingine husoma.

Pampu ndogo na Toyota

Kwenye Honda GX160, na pampu nyingi zilizoigwa kutoka kwake, konrodi ni ya aluminiamu na hukaa moja kwa moja juu ya krenki bila beringi. Kijiko cha kuchotea oili kiko kwenye kepu yenyewe, hivyo kepu ikigeuzwa oili haichotwi sawasawa. Honda hutaka nyutoni-mita 12 kwa bolti zake. Kwa spana ya sentimita 15 hiyo ni nguvu ya kilo 8 hivi, yaani vidole na kiganja, bila bega. Fundi aliyetoka kufunga dizeli ya karasha hapaswi kuishika pampu kabla ya kujikumbusha namba hii. Kepu ikibanwa zaidi, aluminiamu hubonyea, tundu hupoteza duara lake, na kwa kuwa hakuna beringi ya kubadilisha, konrodi nzima hununuliwa.

Injini ya 1NZ-FE huenda kinyume cha yote yaliyotangulia: bolti zake zimekusudiwa kuvuka mpaka kidogo. Hukazwa kwanza kwa nyutoni-mita 15, kisha huzungushwa nyuzi 90 zaidi. Kichwa huwekwa alama ya rangi upande wa mbele, na alama husogezwa robo mzunguko; kwa kichwa cha pembe sita hiyo ni upande mmoja na nusu. Faida yake ni kwamba msuguano hauna sauti kubwa tena, kwa kuwa pembe ndiyo inayoamua. Hatari yake ni kwamba anayeongeza robo nyingine kwa kuona bolti "bado laini" anaivuta kwenye eneo ambalo chuma tayari kinatiririka. Bolti hizi haziwezi kurudiwa bila kikomo. Shina lake jipya lina unene wa milimita 6.6 hadi 6.7, na likishuka hadi 6.4 mahali popote bolti haifungwi tena. Kukaza bolti ya aina hii kwa toki pekee, kwa namba iliyobuniwa kutoka kwenye injini nyingine, hakuna uhakika wowote.

Kusoma bolti iliyokatika

Injini iliyotoboka huacha ushahidi ndani ya bakuli la oili, na vipande hivyo hukusanywa kabla ya kuosha chochote. Bolti iliyokatika kwa nguvu ya mara moja huwa imekonda karibu na mahali ilipokatikia, na uso wake ni wa kijivu wenye mikwaruzo, ukingo mmoja ukiwa umetokeza. Iliyochoka polepole haikondi. Uso wake una sehemu laini yenye mistari ya upinde iliyofuatana kutoka ukingoni, kisha sehemu ndogo ya mwisho iliyochanika kwa ukali. Sehemu laini ikiwa kubwa, ufa ulikuwepo siku nyingi.

Mara nyingi vipande viwili hupatikana vya aina tofauti: bolti moja laini, nyingine imekonda. Laini ndiyo iliyotangulia. Ikiwa shingo yake mbali na mpasuko imekonda au nati mpya haipiti kwenye meno yake, bolti ilivutwa kupita mpaka siku ilipofungwa. Ikiwa shina na meno yako sawa lakini uso wa kepu na konrodi unang'aa kwa kusuguana, ilikuwa imelegea. Konrodi iliyonusurika kwenye injini hiyo, kama ni ya silinda zaidi ya moja, hukaguliwa tundu lake kwa geji ya ndani kwa mafundi wa kusaga krenki, kepu ikiwa imekazwa kwa kipimo cha kijitabu, na bolti zake zote hubadilishwa.